Si Kila Homa ni Malaria: Dawa Inapopunguza Chembe Nyeupe za Damu



Katika ziara zetu za matawi tumezoea kuulizwa habari za mishahara, za mizani na za likizo. Safari hii tulikaa na wanachama wetu wa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, tukaulizwa jambo ambalo hatukulitazamia. Mama mmoja aliinuka akasema: "Ndugu viongozi, je, dawa yaweza kumla mtu damu?" Baadhi ya watu walicheka. Sisi hatukucheka, maana aliyepatwa na jambo hilo alikuwa ameketi pale pale mbele yetu, nasi tulikwisha kumtembelea hospitalini.

Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili katika kurasa hizi. Sisi si madaktari, na shule tuliyosoma ni ya msingi tu. Lakini tumeuliza madaktari, wauguzi na watu wa maabara, tumeandika majibu yao, na tunayaleta kwenu kama tulivyoyaelewa. Kuuliza si ujinga.

YALIYOMPATA NDUGU YETU

Ndugu huyu wa kike alitoka Kongo na anaishi Juru na watoto wake. Alipofika alianza kwa kazi ya kibarua, ile tunayoiita leja-leja, kulima leo kwa huyu na kesho kwa yule. Baadaye aliandikwa kazi katika shamba moja la ndizi na kahawa nje ya makazi. Hatutaji jina lake wala la shamba.

Mwaka wa kwanza wa kazi yake alianza kukonda ingawa alikuwa anakula. Mikono ilimtetemeka, moyo ulimwenda mbio, na shingo ikavimba mbele. Katika kliniki moja ya mjini aliambiwa kwamba tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, akapewa vidonge vya karbimazoli. Dawa hiyo ndiyo inayostahili kwa ugonjwa ule, na kweli ilimsaidia. Baada ya mwezi moyo ulitulia, akaanza kunenepa.

Kosa lilikuwa moja. Hakuna aliyemwambia neno hili: "Koo likikuuma au homa ikikupata, acha vidonge hivi, njoo siku hiyo hiyo upimwe damu." Pengine liliandikwa katika karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Lakini karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza, naye anajua Kiswahili, Kinyabwisha na Kifaransa kidogo.

Wiki ya sita aliamka na homa, baridi na koo linalouma. Msimamizi wake alimwambia: "Hiyo ni malaria. Meza dawa urudi kazini, la sivyo siku yako inakatwa." Akaenda duka la dawa. Hakupimwa. Aliuziwa dawa ya malaria na vidonge vingine vyeupe vilivyotolewa katika kopo na kufungwa katika kipande cha karatasi, bila jina. Akavimeza vyote, pamoja na vile vya shingo, akaenda kupalilia.

Siku ya nne hakuweza kumeza hata mate. Ufizi na ulimi vilikuwa vimejaa vidonda. Majirani walimpakia kwenye bodaboda wakampeleka kituo cha afya. Pale alikutana na tabibu aliyemwuliza swali moja lililomwokoa: "Unameza dawa gani nyingine nyumbani?" Alifungua pindo la kitenge akatoa boksi. Tabibu alisoma jina, akamwambia asimeze tena hata kidonge kimoja, akaandika barua ya kumpeleka hospitali Mbarara bila kungoja kesho.

Mbarara walihesabu chembe nyeupe za damu yake. Zile zinazopigana na vijidudu, ambazo kwa kawaida huwa zaidi ya elfu moja katika tone dogo sana, zilikuwa hazifiki mia. Aliwekewa dawa za kuua bakteria kwa mshipa. Siku ya tisa chembe zilianza kupanda. Baada ya wiki mbili alirudi Juru kwa miguu yake mwenyewe, lakini alipofika shambani alikuta jina lake limefutwa katika daftari. Habari hiyo tutaimaliza huko mbele.

ASKARI WA DAMU NA KIWANDA CHAO

Ndani ya mifupa yetu mna uboho, ile nyama laini tunayoiona tukivunja mfupa wa ng'ombe. Uboho ni kiwanda cha damu. Hutengeneza chembe nyekundu, zinazobeba hewa, na chembe nyeupe, ambazo ni askari. Askari hao ni wa aina nyingi. Kikosi kikubwa cha mbele huitwa nyutrofili. Kila siku kiwanda kinatoa mabilioni ya nyutrofili, maana askari hao hawakai katika damu hata siku nzima kabla ya kuondoka na kwingine kwenda kufa kazini. Kiwanda kikisimama kwa siku chache tu, ghala huwa tupu.

Madaktari huhesabu nyutrofili katika tone lenye ukubwa wa milimita moja kila upande. Vitabu vingi husema mtu mzima anatakiwa kuwa nazo 1,500 au zaidi. Hapa yafaa tuseme jambo ili watu wasitishike bure. Waafrika wengi wenye afya njema wana nyutrofili pungufu kidogo ya hesabu hiyo kwa asili yao, wala si wagonjwa. Hatari kubwa inaanza zikishuka chini ya 500. Hapo vijidudu vinavyoishi mdomoni, kooni na tumboni kila siku bila madhara huanza kumla mwenye nyumba. Ndiyo maana koo na ufizi hutangulia kuuma, na homa hupanda. Asipotibiwa, sumu ya vijidudu huenea katika damu na mtu hufa kwa siku chache.

Dawa huleta hasara hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza kazi ya kiwanda polepole. Ya pili ni ya ghafla. Dawa hujishikiza kwenye chembe nyeupe, na ulinzi wa mwili huziona chembe hizo kama adui na kuziua. Njia hii ya pili haichagui mnene wala mwembamba, na haitabiriki. Humpata mtu mmoja, na wengine maelfu wakameza dawa ile ile salama.

SI JAMBO JIPYA

Mwaka 1922 daktari Werner Schultz wa Berlin, Ujerumani, alieleza ugonjwa wa ajabu. Watu walipata homa na vidonda vibaya vya koo, na damu yao haikuwa na nyutrofili. Wengi walikufa. Hakujua sababu. Ilipofika mwaka 1934 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wamemeza dawa ya kutuliza maumivu iitwayo amidopairini, iliyokuwa ikiuzwa ovyo kama peremende.

Ndugu wa dawa hiyo ni metamizoli, inayojulikana na wengi kwa jina la Novalgin. Sweden iliiondoa mwaka 1974 na Marekani mwaka 1977, lakini katika nchi nyingi za dunia ingali inatumika. Ndugu wanaovuka mipaka huja na dawa mikobani, kwa hiyo tunawasihi watazame majina ya dawa hizo na kumwonyesha tabibu.

Mwaka 1975, huko Finland, wagonjwa 16 waliokuwa wakipewa dawa mpya ya akili, klozapini, walipungukiwa vibaya chembe nyeupe, na 8 kati yao wakafa. Lakini dawa ile haikutupwa moja kwa moja, maana iliwafaa wagonjwa ambao dawa nyingine zote zilishindwa kuwasaidia. Ilirudishwa kwa sharti la kupima damu kila wiki kwa miezi ya kwanza: hakuna kupima damu, hakuna dawa. Kwa sharti hilo vifo vilipungua sana. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba chembe zilihesabiwa.

Wachuma chai mnalielewa hili kuliko daktari yeyote. Hakuna kati yetu anayekubali kuandikiwa kilo bila kutazama mizani. Na damu nayo ina mizani yake.

HAPA UGANDA

Watu wazima mnaikumbuka Camoquin. Hiyo ni amodiakwini, dawa ya malaria ya miaka mingi. Katika miaka ya 1980 wasafiri wa Ulaya waliokuja Afrika walikuwa wakiimeza kila wiki kama kinga. Wachache wao, kama mmoja katika kila 2,000, walipungukiwa nyutrofili kwa hatari, na baadhi walikufa. Tangu hapo madaktari wakaacha kuwapa wasafiri dawa hiyo ya kumeza wiki hata wiki. Kuitumia siku tatu kwa kutibu malaria kuliendelea, nako hakukuleta hatari ya namna ile kwa watu wengi.

Mwaka 2004 Serikali ya Uganda ilibadili dawa za malaria. Ya kwanza ikawa ile wengi wanaiita Coartem, na ya badala ikawa mchanganyiko wa artesunate na amodiakwini. Halafu watafiti wa Kampala waliwafuata watoto waliotibiwa malaria kwa mchanganyiko huo wa pili, wakatoa matokeo mwaka 2008. Kati ya watoto wasio na virusi vya ukimwi, kama 6 katika 100 walipungukiwa nyutrofili baada ya wiki mbili, tena kidogo tu. Kati ya watoto wenye virusi walikuwa 45 katika 100. Na kwa wale waliokuwa wakimeza dawa za kupunguza makali ya virusi, walifika 75 katika 100. Baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mtu anayemeza zidovudini au efavirenzi asipewe mchanganyiko wenye amodiakwini.

Ndugu, tafakarini hapo. Dawa ya malaria ni halali. Dawa ya virusi ni halali, na imeokoa maisha ya wenzetu wengi. Hatari ilizaliwa pale zilipokutana katika mwili mmoja. Sasa mtu anayeficha dawa zake kwa aibu, akanunua nyingine dukani kimya kimya, ni nani atakayemwambia kwamba hizo mbili hazipatani?

Dawa nyingine za kuangaliwa ni hizi. Karbimazoli ya tezi ya shingo huleta shida hii kwa watu wachache tu katika kila 1,000, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Septrin, ambayo wengi humeza kila siku, yaweza kushusha chembe. Kloramfenikoli, iliyotumika sana kwa homa ya matumbo, mara chache sana husimamisha kiwanda kizima cha uboho. Dawa za kansa hushusha chembe karibu kwa kila mgonjwa, na madaktari wake hulijua hilo na humpima.

Na ninyi mnaochunga ng'ombe katika mashamba ya Ankole, sikilizeni. Kuna dawa ya minyoo ya mifugo iitwayo levamisoli. Huko Marekani wauza dawa za kulevya waliichanganya katika kokeini, na watumiaji wakalazwa hospitalini bila chembe nyeupe. Dawa ya chupa ya ng'ombe isiingie kinywani mwa mtu, hata kama tajiri wa shamba anasema ni ile ile.

LA KUFANYA

Hatutaki mtu asome makala hii akatupe dawa zake chooni. Malaria inaua, kifua kikuu kinaua, na tezi ya shingo isiyotibiwa inaua. Tunataka mfanye haya:

Kwanza, usimeze kidonge kisicho na jina. Muuzaji akikufungia katika karatasi, mwambie aandike jina juu yake. Akikataa, rudisha dawa yake, chukua pesa yako.

Pili, ukianzishiwa dawa ya muda mrefu, uliza: "Je, dawa hii yaweza kupunguza chembe nyeupe? Nikiona dalili gani nirudi?" Kama hujui lugha ya tabibu, nenda na mtu wa kukutafsiria. Juru ina watu wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda, wa Somalia, na wenyeji wa Isingiro. Hatukosi mtu.

Tatu, ukiwa katika dawa kama hizo na ukapata homa pamoja na koo kuuma au vidonda vya mdomo, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na dawa zako zote mkononi. Mwenye karbimazoli asimeze kidonge kingine mpaka damu ipimwe. Mwenye dawa za virusi au za kifua kikuu asiziache kwa shauri lake mwenyewe, bali aende siku hiyo hiyo tabibu aamue.

Nne, omba kipimo cha malaria, na pia omba hesabu kamili ya damu, ambayo watu wa maabara huiandika kwa herufi CBC. Hata malaria ikionekana, omba hesabu. Mtu aweza kuwa na yote mawili. Kituo kikiwa hakina mashine, omba barua ya kwenda hospitali.

Tano, mweleze tabibu na kazi yako pia. Kuna kemikali za viwandani, kama benzini, zinazodhuru uboho vile vile.

Sita, aliyekwisha kupatwa na shida hii kwa dawa fulani asiimeze tena maisha yake yote. Aandike jina la dawa hiyo na kulibeba pamoja na kitambulisho chake.

Zamani wengi wa wagonjwa hawa walikufa. Leo walio wengi hupona, kwa sababu dawa ikisimamishwa kiwanda hufunguka tena kwa wiki moja hadi tatu, na dawa za bakteria humlinda mgonjwa wakati huo. Lakini hupona wanaowahi.

SHERIA INASEMA NINI

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Kilichomchelewesha hakikuwa ujinga peke yake. Alijua anaumwa. Alikwenda shambani kwa sababu ya hofu ya kukatwa siku.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyetumikia mwajiri wake mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, akiugua asiweze kufanya kazi, anastahili mshahara wake kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Atoe taarifa mapema, na akitakiwa alete cheti cha daktari. Mwajiri hana ruhusa ya kumfuta kwa siku nne wala kwa wiki mbili. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huo huo wa 2006 inampa mkimbizi haki ya kuingia katika vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba watu wa Nakivale hawana chama.

Tulikwenda kwa mwajiri na barua ya hospitali mkono mmoja, na sheria mkono wa pili. Ndugu huyu alikuwa ametumika miezi minane. Mwajiri alisema shamba lake si hospitali. Tulimjibu kwamba hatukuja kuomba dawa, tumekuja kuomba mshahara uliotajwa na sheria. Mazungumzo yalichukua siku mbili. Mwisho alirudishwa kazini na siku alizolazwa zikalipwa. Kisanduku cha dawa cha shamba kilifunguliwa mbele yetu, na kopo lililokuwa na vidonge visivyo na jina likapelekwa kituo cha afya likateketezwe.

Lakini tusijisifu. Wale wa leja-leja, wanaofanya kazi siku moja hapa na siku moja kule, hawatimizi mwezi kwa mwajiri yeyote. Akiugua mmoja wao, hakuna anayedaiwa. Hili bado hatujalishinda. Katika mkutano ule wa Juru wanachama waliamua kuweka akiba kidogo kila wiki, ili mgonjwa wa homa asikose nauli ya kufika kituoni au Mbarara. Tunawasifu, na tunaomba matawi mengine yaige. Nasi katika mazungumzo na waajiri tutaendelea kudai kwamba siku ya kwenda kupima damu ihesabiwe kuwa siku ya ugonjwa yenye malipo, na kwamba kisanduku cha dawa kisiwe na kidonge kisicho na jina.

Yule mama aliyeuliza swali tulimjibu hivi: ndiyo, mama, dawa yaweza kumla mtu damu, mara chache, na ikifanya hivyo hutoa taarifa kwa homa na koo. Tukiisikia taarifa hiyo mapema, mtu anapona. Akauliza tena: "Na msimamizi akikataa nisiende?" Kabla hatujajibu, yule ndugu aliyepona aliinuka akasema: "Nenda. Halafu uje kwetu."

Umoja ni nguvu.